Kizazi Kina Shingo

Saa tatu asubuhi, Middlesbrough, simu sikioni.
Mvua inapiga kioo ubavu-ubavu,
shakwe wanagombea mfuko wa chipsi kwenye pipa la jirani.
Nasema nisemavyo kila siku:
mimi ni mkalimani, namba yangu ni hii,
nitasema kila kitakachosemwa, sitaongeza, sitapunguza.

Upande wa pili yuko muuguzi Gillian, sauti ya chai ya maziwa,
na Bi Nabintu wa Bukavu, mama wa watano.
Kiswahili chake kimepanda milima, changu kimekulia Tanga;
tunakutana njiani, tunapeana mikono.

Gillian anatamka neno. Nalitafsiri:
shingo ya kizazi.
Kimya. Kisha Bi Nabintu anacheka, cheko la chini:
"Kizazi iko na shingo?
Basi iko na kichwa pia. Ndiyo maana yangu ilikuwa na kiburi."
Natafsiri na kicheko, maana sipunguzi.

Virusi. Hapo sauti inabadilika.
"Nimevitoa wapi? Bwana yangu alikufa, huu mwaka wa saba.
Uliza huyo: ananiona mwanamke wa namna gani?"
Gillian anajibu polepole, nami nyuma yake,
hatua kwa hatua, kama aliyebeba sinia la vikombe:
karibu kila mtu hupitiwa navyo,
hukaa miaka na miaka kama mpangaji asiyewasha taa,
na mara nyingi mwili wenyewe humtoa bila hati ya mahakama.
Hakuna wa kushtakiwa. Si marehemu, si wewe.
Namsikia akishusha pumzi.
"Mwambie aniandikie siku."

Simu inakatika. Nimesimama jikoni.
Nyuma ya kibaniko cha mkate zipo bahasha tatu
za zahanati ileile, jina langu dirishani,
ya kwanza imejikunja kwa mvuke wa birika.
Mimi, niliyeyasema maneno haya mara arobaini
kwa vinywa vya wengine.

Nilikuwa na sababu. Zamu. Mafua. Labda nitapewa daktari mwanamume
(nilijua fika kuwa ni Gillian).
Sababu yenyewe ilikuwa shangazi Mwanatumu,
miezi minane chumba cha uani,
mashuka yakifuliwa usiku ili watoto tusione,
udi mchana kutwa.
Tukaambiwa ni tumbo. Tumbo, tumbo.
Akazikwa nalo, neno lake hakulipata.

Alhamisi nikaenda.
Karatasi ya kitanda ikachakarika chini yangu kama gazeti la maandazi.
Sura yangu Gillian haijui; aliposikia sauti
akaacha glavu nusu mkononi: "Kumbe ni wewe!"
Legeza magoti, akasema,
na hilo nikashindwa kuitafsiria miguu yangu.
Kidude cha plastiki, mdomo wa bata, kimepashwa kwa maji ya bomba.
Kibrashi, cha kuoshea chupa ya mwanasesere.
Nikahesabu vigae vya dari, nikafika kumi na tisa.
Kuliuma? Kulibana.
Chungu zaidi ilikuwa kuvaa soksi baadaye, nikilia,
bila kujua namlilia nani.

Majibu yakaja kwa posta:
virusi vimeonekana, chembe hazijabadilika, rudi baada ya mwaka.
Niliyasoma kwa Kiingereza, yakabaki barua.
Nikayasoma kwa Kiswahili, kwa sauti, peke yangu,
yakanifikia.

Jioni nikampigia Mashavu, mdogo wangu, Tanga.
Kwanza mvua ya huku. Kwanza bei ya mchele wa kule.
Akalalamikia fundi cherehani, nikamwacha amalize.
Kisha nikasema: nadhani shangazi hakufa na tumbo.
Nikalisema lile neno, nzima, bila kukohoa,
nikaongeza la kwangu, mimi nisiyeongeza.

Simu ikapumua.
Mlango ukafungwa huko kwake, taratibu.
"Rudia," akasema,
"taratibu, nichukue kalamu."